Maswali ya Wasomaji: Injini ya Dizeli Inayozima Mlangoni mwa Mto

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni injini ndogo ya dizeli iliyofungwa katika chombo cha tanga. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa kosa lililomo ndilo ninaloitiwa mara nyingi zaidi, na ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi bila sababu.

SWALI: Mzee wangu Fundi, shikamoo. Mimi ni nahodha wa mashua ya tanga moja hapa Pangani, yenye injini ya dizeli ya silinda mbili iliyofungwa upande wa tezi, yaani nyuma, chini ya sakafu. Hupeleka wageni kwenye fungu la mchanga la Maziwe maji yakipwa na kuwarudisha kabla fungu halijafunikwa. Ndani ya mto injini inawaka kwa mguso wa kwanza, na hata nikiiacha ingurume saa nzima gatini haina neno. Lakini nikishatoka nje na kukutana na mawimbi ya mlango wa mto, baada ya dakika ishirini hivi sauti inaanza kupanda na kushuka, nguvu inapungua, kisha inazima polepole. Nikisubiri robo saa inawaka tena, inakwenda kidogo, inazima. Nimebadilisha filta mara mbili. Fundi mmoja ameniambia pampu ya nozeli, ile inayorusha dizeli silindani, imekufa, na bei ya pampu mpya ni mapato yangu ya msimu mzima. Nifanye nini?
Nahodha, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue pampu. Pampu ya nozeli iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa robo saa, wala haichagui kufanya kazi mtoni na kugoma baharini. Umezieleza dalili kwa uangalifu, na zote zinaelekeza upande mmoja: injini yako inanyimwa dizeli. Injini inayozima ghafla, kama taa, huwa imekatiwa mafuta na swichi ya kuzimia au imenaswa na kamba kwenye rafadha, lile panga linalosukuma chombo. Inayopandisha na kushusha sauti kabla ya kuzima huwa inakunywa dizeli iliyochanganyika na upepo, yaani hewa, au inavuta mafuta yasiyofika.

Kumbuka kwamba injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi ibaki takriban sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, na dizeli ikirushwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini inayowaka kwa mguso wa kwanza tayari imekuonyesha kwamba mgandamizo wake ni mzima, stata na betri ni nzima, na pampu ya nozeli inarusha. Kilichobaki ni njia ya mafuta kabla ya pampu hiyo: kutoka tangini, kupitia chujio la kwanza linalotenga maji, hadi pampu ndogo ya kuvutia, kisha filta iliyo juu ya injini. Ifuate njia hiyo kwa mpangilio kutoka mwanzo wake, bila kuruka hatua, kwa sababu mtu anayeanzia katikati hubadilisha vifaa vizima na kuliacha kosa mahali pake.

Anza na lililo rahisi kuliko yote. Siku injini itakapozima tena, kabla hujagusa spana, mwambie baharia wako afungue kifuniko cha kujazia mafuta huku ametega sikio. Akisikia hewa ikiingia tangini kwa mvumo, tundu la pumzi la tangi limeziba. Injini inapovuta dizeli lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na isipoingia, tangi linavuta kwa ndani hadi pampu ndogo inashindwa. Ukikaa robo saa hewa kidogo hupenya, nayo injini inawaka kana kwamba haikuwa na kitu. Huku kwetu pwani kimrija cha pumzi huzibwa na chumvi iliyoganda, au na nyigu anayejenga udongo wake mdomoni mwa kimrija wakati chombo kimepandishwa pwani. Waya mwembamba unatosha kukizibua.

Pumzi ikiwa safi, shuku uchafu wa tangini. Hapa ndipo mawimbi yanapoingia katika habari yako. Mtoni chombo kimetulia, na uchafu umelala chini ya tangi. Nje ya mlango, pale mkondo wa mto unapogongana na maji yanayojaa, tangi linatikiswa na kila kilicholala kinasimama. Vipande vya kutu na utando mweusi unaoteleza husombwa hadi mdomoni mwa bomba la kuvutia na kuuziba. Injini ikizima, mvuto unakoma, uchafu unaanguka, njia inafunguka tena, na wewe unaamini kwamba injini ilikuwa imechoka. Utando huo mweusi ni viumbe hai, vijidudu na kuvu wanaoishi mahali dizeli inapokutana na maji yaliyotuama chini yake, na kwa hiyo tangi lisilo na maji haliwapi makazi. Maji nayo huingia kwa mambo madogo: mpira wa kifuniko uliokauka, au tangi linaloachwa nusu kwa wiki nyingi, likavuta hewa yenye unyevu usiku na kuigeuza matone ukutani.

Chukua chupa ya kioo nyeupe, toa mafuta kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, yaani kwenye koki yake ya kumwagia au kwa mpira mwembamba uliofika sakafuni, kisha uiache chupa ikae wima usiku kucha. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo asubuhi utayaona yamejitenga chini, na kama kuna utando utauona umening'inia pale kwenye mpaka wa vitu hivyo viwili kama uzi wa pamba uliochafuka. Ukiona hivyo, kubadilisha filta hakutakusaidia. Ndiyo maana umebadilisha mara mbili bila nafuu. Tangi lifunguliwe, likaushwe, lipanguswe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na bomba la kuvutia litolewe na kupulizwa. Bomba hilo likiwa na kichungi kidogo cha waya mdomoni, mimi hukiondoa, kwa sababu kinaziba mahali ambapo mkono hauwezi kufika baharini, ilhali chujio la nje linafikika.

Na kwa kuwa tunazungumzia usafi, nunua dizeli kituoni, si kwa wauzaji wa madumu ya kando ya barabara. Tangu mwaka 2010, EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ilipoanza utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya utambulisho, katika mafuta, mafuta ya kituoni yanaweza kupimwa kama yamechakachuliwa. Ya dumu lisilojulikana lilikotoka hayana mwenyewe wa kuulizwa. Dizeli iliyotiwa mafuta ya taa inawaka, lakini inakosa ule utelezi unaolainisha pampu ya nozeli kwa ndani, na hapo ndipo utaweza kweli kuiua pampu ambayo leo ni nzima.

Sasa nafika kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo gumu kulikamata: upepo unaoingia upande wa kuvuta. Kati ya tangi na pampu ndogo, mafuta hayasukumwi bali hunyonywa, hasa kama tangi liko chini kuliko injini. Nati iliyolegea upande huu haidondoshi tone hata moja wakati injini inakwenda. Badala ya kuvujisha mafuta nje inavuta hewa ndani. Baharia anapapasa kila kiungo kwa vidole, anakuta pakavu, anasema hakuna kinachovuja, naye amesema kweli, lakini kosa liko palepale chini ya kidole chake. Niliwahi kutafuta upepo wa namna hii siku mbili nzima katika jahazi moja, nikakaza kila nati, nikabadilisha kila mpira, hadi nilipoitoa washa, ile pete bapa ya shaba, kwenye bolti yenye tundu iliyo juu ya chujio na kuielekeza juani. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele, kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje. Washa za shaba zikishafunguliwa zisirudishwe hivyohivyo: ama uweke mpya, ama uichome motoni hadi iwe nyekundu, uipoze, uisugue juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo, ndipo uifunge. Nawe umebadilisha filta mara mbili, kwa hiyo uliza kwanza kama mpira wa duara wa chujio ulikaa sawa, au kama ule wa zamani ulibaki umenata na mpya ukawekwa juu yake.

Njia ya kulikamata kosa hili bila kubahatisha ni kuikata njia katikati. Tafuta dumu safi la lita 5, litie dizeli iliyochujwa, lifunge imara mahali palipo juu kuliko injini, kisha upeleke mpira kutoka dumuni moja kwa moja hadi kwenye pampu ndogo, ukiruka tangi na chujio la kwanza, na mpira wa kurudisha mafuta nao uutumbukize dumuni. Toka nje ya mlango wa mto siku ya bahari tulivu ukiwa na mwenzako na bila wageni. Injini ikienda saa nzima bila kukohoa, pampu ya nozeli ni nzima na kosa liko kati ya tangi na pampu ndogo. Ikizima vilevile, kosa liko mbele, kwenye pampu ndogo au filta ya juu. Ukitaka kuuona upepo kwa macho, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kama kioo mahali mafuta yanapoingilia pampu ndogo. Mapovu yakipita humo kama shanga, umepata jibu.

Kila unapofungua njia ya mafuta, lazima utoe upepo, na hili nahodha yeyote anapaswa kuliweza gizani. Legeza skrubu ndogo iliyo juu ya filta ya injini kwa mzunguko mmoja, uweke kitambaa chini yake, kisha upige kile kijiti cha mkono kilicho ubavuni mwa pampu ndogo. Kwanza yatatoka mapovu, baadaye mafuta yenye povu, mwishowe dizeli tupu. Kaza skrubu huku mafuta bado yanatoka. Fanya vilevile kwenye skrubu ya pampu ya nozeli kama ipo. Kijiti kikiwa kilegevu na hakisukumi kitu, usidhani pampu imeharibika: injini imesimama mahali ambapo shafti yake imeibana pampu, kwa hiyo izungushe injini mzunguko mmoja kwa upande wake wa kawaida na ujaribu tena. Injini nyingi ndogo zitawaka baada ya hapo. Isipowaka, legeza nati za mabomba ya chuma pale yanapoingia kwenye nozeli, nusu mzunguko tu, fungua mafuta hadi mwisho, uzungushe kwa stata hadi dizeli itoke kwa kuruka, kisha ukaze. Mikono na macho yakae mbali na mabomba hayo, kwa maana shinikizo lake linazidi bar 150 na uzi mwembamba wa dizeli hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama haoni zaidi ya kidoti.

Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Na kama ekzosi yako, yaani bomba la moshi, hupozwa kwa maji ya bahari, funga koki ya maji kabla ya kuzungusha mara nyingi, uifungue mara tu injini inapowaka. Sababu yake utaisoma katika jibu la mwisho la ukurasa huu.

Hadi kosa lipatikane, usivuke mlango wa mto tanga likiwa limefungwa. Litweke kabla ya kufika kwenye mawimbi yanayovunjika, hata kama upepo ni mdogo, na nanga iwe omo, yaani mbele, ikiwa tayari na kamba yake. Injini ikizima mahali pale una dakika chache tu kabla mkondo haujakuamulia.

SWALI: Bwana Fundi, nina boti ndogo ya tanga ya fibaglasi, urefu wake mita 8, ambayo hukaa kwenye nanga katika hori ya Kilifi. Haikutembea kwa miezi mitatu ya kusi. Sasa nikiongeza mwendo kengele ya joto inalia, moshi mweusi unatoka, na maji ya ekzosi ni haba na yana mvuke. Impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu ya maji, nimeitazama, ni nzima.
Msomaji, Kilifi

JIBU: Una makosa mawili yaliyokutana, na ni vizuri kuyatenganisha. Moshi mweusi maana yake ni kwamba dizeli inayorushwa ni nyingi kuliko hewa iliyopo kuiunguza, ama kwa sababu injini imebebeshwa mzigo mzito, ama kwa sababu imezibwa pumzi. Boti iliyokaa miezi mitatu katika maji ya joto ya hori huwa imeota majani na chaza wadogo chini, na hata tabaka jembamba la chaza kwenye rafadha linatosha kuifanya injini isukume bila kwenda. Zamia na mask na kipande cha bati, uikwangue rafadha hadi shaba ionekane, na huko chini uchunguze tundu linaloingiza maji ya kupozea. Mfuko wa plastiki au kaa mdogo huweza kuwa mlangoni.

Kisha pima maji. Vua mpira unaopeleka maji kwenye kiwiko cha ekzosi, pale maji yanapochanganyika na moshi, uelekeze kwenye ndoo, uwashe injini kwa sekunde 20 tu, kwa sababu ekzosi isiyo na maji huunguza mpira wake haraka. Maji yakija kwa nguvu ndooni, pampu na njia ya kuingilia ni salama na kiwiko ndicho kilichoziba. Kifungue. Mara nyingi utakuta tundu ambalo lilitakiwa lipitishe vidole viwili limebaki la kupitisha penseli, limejaa masizi magumu yaliyofungamana na chumvi. Kiwiko kilichoziba huzuia maji na moshi kwa pamoja, na hivyo kinaeleza joto na weusi wa moshi kwa wakati mmoja. Kikwangue kwa bisibisi kuukuu, ukigonge kwa upole. Chuma kikionekana kimeliwa na kuwa chembamba, nunua kipya.

Maji yakija ndooni kwa uhaba, rudi kwenye impela uliyosema ni nzima. Hesabu mabawa yake moja moja na uyakunje kwa kidole hadi kwenye shina, kwa kuwa ufa huanzia hapo na hauonekani bawa likiwa limenyooka. Bawa likikosekana, kipande chake kiko mahali fulani mbele katika njia ya maji, na kisipotafutwa kitaendelea kuziba hata ukiweka impela mpya. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo unapoirudisha. Grisi ya kawaida huula mpira.

Kama injini yako hupozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari, usikubali shauri la kuondoa thamostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya kupozea, wala la kuweka ya nyuzi za juu. Injini za aina hiyo huwekewa thamostati ya takriban nyuzi 50 kwa makusudi, maana maji ya bahari yakizidi nyuzi 60 hivi, chumvi huanza kuganda katika njia za ndani za silinda, na chumvi hiyo haitoki kwa bisibisi.

SWALI: Bwana Fundi, asalaam alaykum. Chombo chetu kiko Unguja na hutumiwa na wanangu. Juzi injini iligoma kuwaka, wakaizungusha kwa stata muda mrefu sana. Sasa stata inagonga mara moja tu na kukwama, ingawa betri ina moto. Wanasema tuisukume kwa betri mbili.
Msomaji, Unguja

JIBU: Wa alaykum salaam, Bi. Tafadhali wazuie leo hii, wasiiguse tena stata. Injini inapozungushwa bila kuwaka, pampu ya maji ya bahari inaendelea kujaza ekzosi, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma maji hayo nje. Yanapanda hadi kwenye vali na kuingia ndani ya silinda. Maji hayagandamiziki. Pistoni inayaminya, inakwama, na mkiiongezea nguvu ya betri mbili mtapinda mkono wa pistoni, jambo ambalo litawagharimu injini nzima.

Wafunge koki ya maji ya bahari, kisha wachomoe kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamefika hadi chini. Watoe nozeli zote, wafunike matundu kwa kitambaa, waizungushe injini kwa mkono polepole hadi maji yote yaruke nje, halafu watie oili safi kidogo katika kila silinda na kuzungusha tena. Oili chafu wamwage, watie mpya pamoja na filta mpya, na baada ya injini kuwaka na kupata joto waimwage hiyo nayo, mara mbili au tatu, hadi weupe uishe. Kazi hii isilale, kwa maana maji ya chumvi huanza kula kuta za silinda ndani ya saa chache, na injini iliyookolewa siku ya kwanza kwa kawaida huendelea kufanya kazi miaka mingi, ilhali ile iliyoachwa wiki moja mara nyingi hung'ang'ana na kutu isifunguke.

Baada ya hapo ndipo watafute kwa nini iligoma mwanzoni, nao waanzie tangini, kama nilivyomweleza nahodha wa Pangani.